Dawa ikishanywewa na rais mbele ya kamera, nani atathubutu kuipima? (Covid-Organics, klorokwini, Kemron)

Darubini_ya_Temeke (mleta mada)

Wakuu salaam.

Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite, tutakutana kwenye ule wa mpira.

Nataka tuongelee ile chai ya Madagaska ya mwaka 2020. Mti wenyewe sina ugomvi nao, bibi yangu katulea kwa miti. Mimi kazi yangu ni maabara, na hoja yangu ni hii tu: rais akishasimama na chupa mbele ya kamera akasema "hii inatibu", dawa hiyo haipimiki tena nchini kwake. Hata kama ingekuwa inatibu kweli, hamtakaa mjue.

Turudi nyuma kidogo. Tarehe 20 Aprili 2020, Rais Andry Rajoelina alizindua kinywaji kinaitwa Covid-Organics pale Antananarivo, mji mkuu wao. Kimetengenezwa na taasisi yao ya utafiti, IMRA, kwa artemisia (huku wengine tunaiita pakanga) na mimea mingine ya kisiwani. Akanywa hadharani. Akasema majibu yanaonekana ndani ya siku saba, na kwamba watu wawili wameshapona.

Wawili! Siku ile Madagaska nzima ilikuwa na wagonjwa 121 waliothibitishwa na hakuna hata mmoja aliyefariki. Hao hata wangepewa dafu wangepona, na leo tungekuwa tunauza madafu Ulaya.

Kilichofuata ni kasi ya ajabu. Askari wakaingia mitaani kugawa chupa. Wanafunzi waliorudi shuleni wakaambiwa wanywe kidogo kidogo mchana kutwa. Dawa chungu, watoto wanakunja sura, na hapo ndipo waziri wa elimu alipokuja na mpango wa kununua pipi za kijiti za zaidi ya dola milioni mbili, kila mwanafunzi apate tatu za kufutia uchungu. Kelele zikawa kubwa, mpango ukafutwa, na mwanzoni mwa Juni waziri akafukuzwa kazi. Yaani katika sakata zima mtu aliyeulizwa kuhusu hesabu ni wa pipi. Wa dawa hakuulizwa.

Sasa tuje kwenye kupima. Dawa ya ugonjwa kama huu, ambao wengi wanapona wenyewe, haipimwi kwa kuuliza "fulani alipona?" Unachukua wagonjwa mia kadhaa au maelfu, kompyuta inawagawa bila kumtazama mtu usoni, hawa wanapata dawa, hawa wanapata matibabu ya kawaida, kisha unahesabu maiti kila upande. Basi. Hakuna uchawi.

Jiweke kwenye viatu vya daktari wa Antananarivo mwezi Mei. Rais kasema inatibu. Jeshi linagawa nyumba hadi nyumba. Wewe unaandika barua kuomba ruhusa ya kuwanyima nusu ya wagonjwa wako dawa ya rais ili uone watakaokufa ni wangapi. Barua hiyo unampelekea nani?

Julai hospitali za Antananarivo zikafurika. Mji ukafungwa upya. Mbunge mmoja na seneta mmoja wakafariki kwa Korona. Waziri wa afya, Profesa Ahmad Ahmad, akaandika kwa mashirika ya nje kuomba oksijeni, mashine za kupumulia na barakoa. Barua ikavuja. Serikali yake yenyewe ikamkana hadharani kwamba hakushauriana na wakubwa. Agosti hakuwa waziri tena.

Naomba kuwasilisha. Wenye hoja karibuni, wenye matusi nao wapo, tumewazoea.

Ngosha_Asilia

Mkuu umeandika gazeti lakini umeruka ukurasa muhimu. Hiyo artemisia unayoichekea ndiyo iliyotoa artemisinin. Mama wa Kichina, Tu Youyou, kapewa Nobeli 2015 kwa mti huohuo. Dawa ya mseto unayokunywa ukipigwa malaria imetoka wapi? Na kwinini je, si magome ya mti?

Rajoelina aliwajibu Wafaransa kwenye televisheni yao wenyewe: ingekuwa nchi ya Ulaya imegundua, mashaka yote haya yasingekuwepo. Hapo alikosea wapi? Sisi tukigundua ni "mitishamba", wao wakigundua ni "tiba".

Kitasa

Nimeshika siti ya dirishani. Endeleeni.

Darubini_ya_Temeke (mleta mada)

@Ngosha_Asilia umenipa zawadi mkuu. Tumchukue huyohuyo mama.

Tu Youyou alikuta maelezo ya mti ule kwenye vitabu vya kale vya Kichina. Dondoo zake za mwanzo zilikuwa zinaleta majibu mazuri leo, mabaya kesho. Akarudi kwenye kitabu, akaona mzee wa kale hakuchemsha, alilowesha majani kwenye maji akakamua. Akahisi moto ndio unaoua dawa, akabadilisha njia akatumia kimiminika kinachochemka kwa joto dogo. Mwaka 1971 dondoo namba 191 ikafanya kazi kwa wanyama wa maabara. 1972 akainywa yeye mwenyewe na wenzake wawili, kuangalia kama ina sumu. Kisha wakaenda Hainan kwa wagonjwa 21.

Kwa hiyo naye alikunywa! Tofauti ni kwamba alipomaliza kunywa ndipo kazi ya kupima ilipoanza. Kwa Rajoelina kunywa ndiyo ilikuwa mwisho wa kazi.

Na kwamba mti unatibu malaria haisemi lolote kuhusu Korona. Malaria ni kimelea, Korona ni virusi. Panadol inashusha homa ya vyote viwili na haitibu hata kimoja.

Hilo la Ulaya sasa. Unasema wangekuwa wao wasingetiliwa mashaka. Walikuwa wao! Machi 2020, Marseille, Profesa Didier Raoult, mzungu mwenye taasisi kubwa na heshima zake, alitoa utafiti wa haidroksiklorokwini, ndugu wa klorokwini ile ya zamani ya malaria. Nikueleze kilichokuwa ndani maana watu wengi waliitetea au kuiponda bila kuisoma. Waliopewa dawa walikuwa 26. Kwenye hesabu ya mwisho wakabaki 20. Sita walikwenda wapi? Watatu walizidiwa wakahamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi. Mmoja alifariki. Mmoja aliondoka hospitali. Mmoja aliacha kwa sababu ya kichefuchefu. Wakawatoa kwenye hesabu, halafu wakatangaza kwamba kwa waliobaki dawa imefanya maajabu.

Marehemu katolewa kwenye hesabu, wakuu. Alikuwa anaharibu wastani.

Karatasi hiyo ilifutwa rasmi Desemba 2024. Lakini Machi 2020 ilikuwa ni siku chache tu kabla Trump hajaichukua. Tarehe 19 Machi akaisifia jukwaani Ikulu ya Marekani, tarehe 21 akaandika Twitter kwamba ikichanganywa na azithromaisini (antibaotiki) inaweza kuwa moja ya mageuzi makubwa kabisa katika historia ya tiba. Tarehe 28 mamlaka yao ya dawa, FDA, ikatoa kibali cha dharura. Tarehe 15 Juni ikakifuta. Serikali ikabaki na dozi zaidi ya milioni 60 stoo. Na Rick Bright, aliyekuwa mkuu wa BARDA, shirika la serikali linaloshughulikia dawa na chanjo za dharura, aliondolewa kwenye kiti Aprili, naye akasema wazi ni kwa sababu aligoma kuisukuma dawa hiyo bila ushahidi.

Antananarivo, Washington, barua ni ileile. Unampelekea nani?

Mama_Famasi

Jamani mmenikumbusha mbali. Mimi ni wa dirisha la dawa. Ile Machi baada ya Trump kuongea, watu walikuja kuulizia klorokwini kama wanaulizia chumvi. Vijana kabisa, hawajui hata inafananaje. Nchi hii tuliiacha kwa malaria tangu 2001 kwa sababu vimelea vilishaizoea, tukaenda kwenye SP, baadaye ndiyo ikaja mseto. Nikawa nawauliza: wewe unaijua klorokwini au unaisikia? Waliozaliwa zamani wanajua ule muwasho. Unajikuna mpaka unatamani kuivua ngozi uianike.

Na ile si ya kuchezea. Ukizidisha inagusa mapigo ya moyo. Lagos watu walilazwa kwa kuinywa kiholela mwezi huohuo, mamlaka zao zikalazimika kutoa tahadhari. Kule Arizona mzee mmoja akafariki, alikunywa klorokwini ya kusafishia matangi ya samaki. Ya samaki!

Halafu kuna wenye lupus, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe. Hao haidroksiklorokwini ndiyo maisha yao, wanainywa miaka na miaka. Ghafla dunia nzima inagombania vidonge vyao.

Zungu_la_Unga

Mmesahau komedi ya Brazili? Rais Bolsonaro alikutwa na Korona Julai 2020, akameza haidroksiklorokwini kwenye video huku anachekelea. Mwezi huohuo akapigwa picha kwenye bustani ya ikulu anamwonyesha ndege boksi la dawa. Ndege yule mkubwa wa jamii ya mbuni. Ndege akamtazama tu.

Wakati huo ameshawamaliza mawaziri wa afya wawili, wote madaktari. Mandetta alifukuzwa Aprili, Teich akajiuzulu Mei kabla hajamaliza hata mwezi. Akawekwa jenerali, Pazuello. Siku chache tu baada ya Teich kuondoka, wizara ikatoa mwongozo wa kuruhusu klorokwini hata kwa wagonjwa wa hali nyepesi. Maabara ya jeshi nayo ikawa inafyatua vidonge.

Darubini_ya_Temeke (mleta mada)

@Zungu_la_Unga hapo kwenye ndege wengi wanacheka na kuishia hapo. Ngoja niongezee Manaus maana haichekeshi.

Januari 2021 Manaus, mji wa Amazon, ulipigwa na wimbi la pili. Wizara ya Pazuello ikapeleka programu ya simu na kompyuta inaitwa TrateCov, ya kumsaidia daktari kuamua tiba. Unaingiza dalili, inakutolea orodha: klorokwini, ivermektini (ya minyoo), azithromaisini. Watu wakaijaribu wakagundua inaziandika hata kwa mtoto mchanga. Tarehe 14 Januari, siku zilezile, hospitali za Manaus zikaishiwa oksijeni. Watu wakafa wakitafuta hewa vitandani, ndugu wakizunguka mjini kutafuta mitungi. Malori ya oksijeni yakaja kutoka Venezuela.

Wizara moja, wiki moja, mji mmoja. Ilikuwa na uwezo wa kutengeneza programu ya kugawa vidonge visivyosaidia, na mitungi ikakosekana.

Mwana_Chato

Nilikuwa nasubiri muda tu uifikishe kwa JPM, Rais Magufuli, maana najua ndiko unakokwenda, hao akina Bolsonaro ni kuzuga. Hayati alisimama kiume, hakufunga nchi, mama ntilie akauza wali wake, Kariakoo ikafanya kazi. Wenzetu wakapigwa virungu kwa kutoka nje kutafuta unga. Nyungu imemuua nani? Bibi zetu wamejifukiza tangu enzi. Acheni kumsema marehemu hawezi kujibu.

Darubini_ya_Temeke (mleta mada)

@Mwana_Chato nakujibu kwa heshima.

Kufunga nchi au kutofunga ni mjadala mwingine, na wapo wasomi waliokubaliana naye. Nyungu nayo sijasema imeua mtu, ingawa wapo walioungua kwa mvuke na sufuria. Tuongelee dawa.

Tarehe 3 Mei 2020 akiwa Chato anamwapisha Mwigulu Nchemba, alisema ameshawasiliana na Madagaska na atatuma ndege ikachukue dawa. Hotuba ileile ndimo alimoeleza kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara ya taifa kwa majina ya watu na nyingine zikarudi na majibu ya kuwa na Korona. Tarehe 8 Mei Profesa Kabudi, waziri wa mambo ya nje, akawa Antananarivo anapokea mzigo.

Angalia hizo habari mbili ndani ya hotuba moja. Kipimo hakiaminiki, dawa inaaminika. Maabara ya hapa nyumbani imetegewa mtihani wa siri na imefeli. Chai ya Antananarivo haijategewa mtihani wowote na imetumiwa ndege.

Na takwimu zetu za bara mara ya mwisho zilitolewa tarehe 29 Aprili 2020: nchi nzima wagonjwa 480, vifo 16. Baada ya hapo kimya, mpaka awamu ya sita. Sasa wewe unayeipenda nyungu, mimi nakwambia huo ukimya uliiumiza nyungu kuliko wazungu wote. Bila kujua wangapi waliugua na wangapi walikufa, huwezi kusema nyungu ilisaidia wala haikusaidia. NIMRCAF, ile dawa ya mitishamba ya NIMR, taasisi yetu ya utafiti wa tiba, hivyohivyo. Februari 2021 waziri wa afya alikaa mbele ya kamera Dodoma kutuonyesha mchanganyiko wa tangawizi, vitunguu, limao na pilipili. Mwenye kukumbuka matokeo ya utafiti wa mchanganyiko ule anyooshe kidole hapa chini, nitampongeza.

Bei ya limao na tangawizi sokoni tunaikumbuka wote, hiyo haikuhitaji utafiti.

Kitasa

😂😂 Ya limao nilinunua kwa hasira.

Baba_Kip_Nakuru

Habari ya jirani zangu. Wacha na sisi Wakenya tuchangie, kwa sababu hii sinema tuliiona miaka thelathini kabla yenu na ilikuwa na mwigizaji wetu.

1990. Ukimwi ndio umeshika, dawa hakuna. ARV za maana zilikuja baadaye sana. KEMRI, taasisi yetu ya utafiti wa tiba, wakati huo mkurugenzi ni Dkt. Davy Koech, akiwa na Arthur Obel, wakatoa kitu kinaitwa Kemron. Ilikuwa ni interferoni alfa, protini ya kinga ya mwili, kwa kipimo kidogo sana, unaiweka mdomoni inayeyuka. Wazo la kutumia kipimo kidogo lilitoka kwa Mmarekani mmoja wa Amarillo, Texas, Joseph Cummins, ambaye alikuwa ni mtu wa mifugo. Rais Moi mwenyewe akaizindua. Mkiwa wadogo hamuwezi kuelewa uzito wa hiyo sentensi. Enzi za Nyayo, Mzee akishasema Kenya imepata dawa, Kenya imepata dawa. Redio imesema, gazeti limesema, mwalimu wa shule amesema. Ilidaiwa hata kuna watu walikuwa na virusi na sasa vipimo vinaonyesha hawana.

Watu wakaja kutoka nje, hata Wamarekani weusi walipanda ndege kuja Nairobi. Watu wakauza ng'ombe.

Halafu WHO ikaratibu majaribio nchi kadhaa, Uganda wakafanya la kwao kwa utaratibu huohuo mleta mada anaeleza, wengine wanapewa dawa, wengine kitu kinachofanana nayo ambacho si dawa. Tofauti hakuna. Ilizimika polepole, hakuna aliyesimama kusema "tulikosea". Obel mwenyewe alikuwa mwanasayansi mkuu katika ofisi ya rais, na katikati ya miaka ya tisini akarudi na nyingine, Pearl Omega. Watu wakapanga foleni tena.

Kwa hivyo ndugu yangu wa Chato, hii si story ya Magufuli. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na hapa aliyesifia alikuwa na jeshi.

Lushoto_Kwetu

Asante Baba Kip. Mtu aongeze na Gambia hapo. Yahya Jammeh, 2007, alitangaza ana dawa ya Ukimwi, anawapaka wagonjwa kwa mikono yake kwenye televisheni, na wagonjwa wakaambiwa waache ARV. Mwakilishi wa Umoja wa Mataifa akahoji, akapewa saa 48 aondoke nchini. Jammeh alipokimbia, waliosalia miongoni mwa wagonjwa walimfungulia kesi 2018.

Na sisi 2011 Samunge, Loliondo, kikombe cha Babu kwa shilingi 500. Foleni ya magari maili na maili, mawaziri ndani yake. Japo Babu hakuwa mwanasiasa, ukimwona waziri kwenye foleni wewe ni nani usinywe?

Mhandisi_Tata

Mleta mada unajifanya sayansi yenu ni malaika. Vipi kuhusu Lancet, jarida lenu kubwa la udaktari? Mei 2020 walichapisha utafiti wa wagonjwa karibu laki moja kwamba haidroksiklorokwini inaua, WHO wakasimamisha majaribio, kumbe data za kupikwa! Kampuni iliyotoa data, Surgisphere, haikuweza hata kuonyesha wagonjwa wenyewe. Hapo mwanasiasa alikuwa wapi?

Darubini_ya_Temeke (mleta mada)

Umesema kweli tupu na sitaitetea. Ilichapishwa tarehe 22 Mei, WHO ikasimamisha kipengele hicho tarehe 25, na ikafutwa tarehe 4 Juni.

Lakini hesabu siku. Haikufika wiki mbili. Nani aliwaumbua? Watafiti wenzao, walioona namba za vifo vya Australia hazilingani na takwimu za nchi. Na wengi wao walikuwa hawaiamini klorokwini! Waliukataa ushahidi uliokuwa unawapendelea kwa sababu ulinuka. Sasa nitajie mshauri wa rais yeyote kwenye uzi huu aliyefanya hivyo akabaki na kazi.

Ila mwanasiasa alikuwepo, mkuu, alikuwa hewani. Baada ya Trump kuishika ile dawa, nusu ya dunia ilitaka ifanye kazi na nusu ilitaka iue. Kila upande ulikuwa tayari kumeza karatasi yoyote. Naamini hilo ndilo lililomfanya mhariri wa Lancet asiangalie mara mbili.

Aliyemaliza ubishi ni jaribio la RECOVERY la Oxford, kwenye hospitali za umma za Uingereza. Waliopewa haidroksiklorokwini 1,561, waliopata matibabu ya kawaida 3,155. Ndani ya siku 28 walifariki asilimia 27 upande wa dawa, asilimia 25 upande wa pili. Haikuokoa. Tangazo lilitoka tarehe 5 Juni, siku moja baada ya aibu ya Lancet.

Na siku kumi na moja baadaye, tarehe 16 Juni, jaribio lilelile likatangaza deksamethasoni. Dawa ya tangu miaka ya hamsini mwishoni, bei ya kutupa, kila hospitali ya wilaya inayo. Kwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia ilipunguza vifo kwa theluthi, waliokuwa kwenye oksijeni kwa moja ya tano. Hakuna rais aliyewahi kuinua kidonge chake jukwaani. Hakuna aliyepanda ndege kuifuata. Ndiyo dawa ya kwanza kuthibitika kuokoa maisha kwa Korona, na ilithibitika wakati hakuna anayeitazama.

Mwana_Chato

Sawa, nimekuelewa kidogo. Lakini nijibu hili na usikwepe. Mama Samia tarehe 28 Julai 2021 alichanjwa hadharani Ikulu, kamera zote zipo, "Watanzania tuchanje". Rajoelina kunywa chai hadharani ni kosa, Mama kuchomwa sindano hadharani ni sahihi. Tofauti iko wapi kama si kwamba sindano ni ya wazungu?

Kitasa

Swali la dhahabu hilo. Mleta mada usikimbie.

Darubini_ya_Temeke (mleta mada)

Sikimbii, ndilo swali bora la uzi huu.

Ile chanjo ya Johnson & Johnson kabla haijafika bega la Mama ilishapita kwa watu karibu 40,000 kwenye jaribio, nusu sindano yenye chanjo, nusu sindano isiyo na kitu, na aliyechomwa hajui kachomwa ipi. Afrika Kusini ilikuwemo. Matokeo yalikuwa wazi kwa yeyote kuyasoma na kuyapinga, na hayakuwa ya miujiza, kinga ya asilimia 66 hivi. Kwa hiyo kamera ilikuja baada ya kipimo.

La pili ndilo ninalolipenda zaidi. Aprili 2021 Marekani, nchi ya kampuni yenyewe, walisimamisha chanjo hiyo kwa siku kumi kwa sababu ya wanawake sita walioganda damu, kati ya mamilioni waliochanjwa. Rais wao alikuwa anapigia debe chanjo kila siku ya Mungu! Bado watu wa mamlaka walisimama wakasema ngoja kwanza, na hakuna aliyefukuzwa. Wakakuta tatizo ni la kweli ila nadra sana, wakaandika onyo, wakaendelea.

Sasa chukua Covid-Organics. Weka wagonjwa sita wenye madhara Antananarivo Mei 2020. Nani angesimamisha?

Na si kwamba Waafrika hatuwezi. Rais Buhari wa Nigeria aliletewa chupa hizohizo Mei 2020 na Rais Embaló wa Guinea-Bissau. Akapokea kwa adabu zote za ugeni, akasema haitatumika mpaka wataalamu wake waithibitishe, ikapelekwa taasisi yao ya utafiti wa dawa. Hakumtukana Rajoelina wala mti. Waganda na Kemron hivyohivyo, Baba Kip kashasema.

Mwana_Chato

Buhari sikuijua hiyo. Ila bado nasema wazungu wana dharau.

Darubini_ya_Temeke (mleta mada)

Wanazo. Hilo nakupa.

Ngosha_Asilia

Kwa hiyo mkuu unataka rais afanye nini watu wakifa na hana dawa? Anyamaze?

Darubini_ya_Temeke (mleta mada)

Atoe hela ya jaribio. Atangaze kwamba kuna mti unachunguzwa, wagonjwa wataombwa ridhaa, majibu yatasomwa redioni yakiwa mazuri au mabaya. Rajoelina alikuwa na taasisi, alikuwa na mti unaoota kwake, na ilipofika Julai alikuwa na wagonjwa kwa maelfu. Nchi nyingi zilikosa kimoja kati ya hivyo vitatu. Angeweza kuwa na RECOVERY yake, na ingekuwa imefanyika, leo mimi na wewe tusingekuwa tunabishana kwa hisia.

Binti_Makorora

Samahani naingilia, nimesoma uzi wote kimyakimya. Hiyo deksamethasoni ni hii deksa tunayoijua? Wadada mtaani wanainywa wanenepe mashavu na makalio. Mimi 2021 wimbi lile kubwa nilikuwa nakohoa tu nyumbani, jirani akaniletea deksa akasema ndiyo dawa yenyewe ya Korona imethibitishwa. Nilikunywa. Nilifanya sawa?

Mama_Famasi

Ndiyo hiyohiyo mdogo wangu, na hapana. Jaribio lilelile aliloeleza mleta mada liliangalia pia wagonjwa wasiohitaji oksijeni. Waliopewa deksa walifariki asilimia 17.8, wasiopewa asilimia 14. Yaani kwao haikusaidia, na huenda ilidhuru, kwa sababu inapunguza nguvu ya kinga wakati mwili bado unapigana na virusi. Inamfaa yule ambaye mapafu yameshawaka moto, anapumua kwa mtungi, na daktari yupo. Anayekohoa nyumbani haimhusu.

Na wadada wa mashavu, ule si unene wa afya, ni madhara ya dawa, na sukari inapanda. Ukiitumia muda mrefu usiikate ghafla, nenda hospitali wakupunguzie kidogokidogo. Dirishani kwangu bila cheti siuzi, mtanuna lakini siuzi.

Binti_Makorora

Asante dada. Ninazo bado kwenye droo.

Mama_Famasi

Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi halafu zipeleke famasi yoyote iliyo karibu waziharibu. Usimpe jirani.